Uchakavu wa Cherehani

Asilimia thelathini, mwalimu aliandika kwa herufi nene,
ni za kazi ya pamoja.
Kama mtu anayetikisa ndoo ya pumba
kondoo wasikie.

Tulisikia. Tulikuwa wanne, tumepangwa na mashine:
mimi, Meerim, wa tanuri la mikate hapa Naryn,
buluu;
Tilek, mlinzi wa ghala la nguo kule Bishkek,
kijani;
Jyldyz wa Osh, mama wa pacha wanaolala kwa zamu,
zambarau;
na Kubat, rangi ya chungwa,
ambaye hakusema anatoka wapi.

Kazi yetu: mizania ya duka la matandiko ya farasi,
duka lisilokuwepo,
lenye madeni kama ya kwetu.
Kubat alipewa uchakavu wa cherehani.

Wiki ya kwanza tulisalimiana
kama wagonjwa wa foleni moja.
Wiki ya pili hata salamu ikaona haya.
Nilikuwa nafungua faili kama mtu anavyofungua friji
akijua hamna kitu.
Hamu nayo huchakaa, nikawaza,
ila mizania haina safu yake.

Saa tisa usiku. Unga unaumuka,
kioo cha dirisha kimeota manyoya ya barafu.
Nikaifungua tena, basi tu.
Kijiti cha kijani kilikuwa kinapepesa
kwenye mstari wa wadai.
Hakiandiki. Hakiondoki.
Nikaweka changu kando yake,
tukakaa hivyo dakika nne nzima,
kama watu wawili wanaotegeana
nani abishe hodi.

Kisha: Upo?
Nipo.
Kwa nini debiti inakaa kushoto?
Sijui. Nimekariri tu.
Hata mimi.

Hata mimi!
Mwalimu ana shahada mbili
na hajawahi kuniambia neno tamu hivyo.
Mikate ya kwanza siku ile iliungua pembeni.

Jyldyz akaja usiku wa tatu,
anaandika kwa mkono mmoja, bila herufi kubwa,
mkono wa pili una mtoto.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Cha Jyldyz kilisawazisha hesabu ya miezi sita
kati ya kunyonyesha na kunyonyesha.

Na Kubat? Kisanduku chake kitupu.
Mimi ndiye niliyesema tulifute jina lake.
Nalikiri hapa kwa sababu hakuna aliyeniuliza.
Tilek, aliyezoea kukagua nani kaingia nani katoka,
akachungulia kumbukumbu za faili:
Kubat ameifungua mara arobaini na moja.
Kila usiku. Anasoma, anafunga.
Anatusoma tukicheka, tukikosea, tukiulizana
kama pacha wamelala.

Tukanyamaza, sote watatu, kila mmoja na rangi yake.

Jyldyz ndiye aliyekwenda kwenye kisanduku kile
akaandika: Cherehani, som elfu tisini,
miaka mitano ya kazi,
uchakavu kwa mwaka: elfu kumi na tisa.
Umekosea, nikamwambia.
najua, akajibu. iache.

Asubuhi, mikono yangu ingali na unga,
nikaona: elfu kumi na nane.
Rangi ya chungwa.
Na nukta mwishoni, imewekwa kwa uangalifu
kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Hatukumpongeza. Tulimwachia kosa jingine,
kwenye bei ya ngozi.
Akalirekebisha. Tukamwachia la tatu,
akaandika: Hili mnanifanyia makusudi.
Ndiyo, tukasema.
Saa hiyohiyo akaanza kututafutia ya kwetu,
nayo yalikuwa mengi.

Tulipata ishirini na mbili kati ya thelathini.
Kozi imekwisha, machi imepita,
Tilek amepata kazi ya mchana.
Faili halijafungwa na mtu.

Jana usiku, nikisubiri unga uumuke,
nikalifungua. Chini kabisa, kwenye safu tupu,
kijiti cha chungwa, kinapepesa.
Nikaandika: mbili na mbili ni tano.
Nikaenda kutoa mikate.